Palilia Kompyuta Yako Kabla ya Kubadilisha Video

Leo naomba uniruhusu nitoke kidogo nje ya mbolea na mbegu. Nimeulizwa swali moja mara nyingi sana na maafisa ugani wenzangu, na pia na wakulima vijana wanaorekodi video za mafunzo kwa simu: "Mbona kompyuta yangu inastaki nikiwa nabadilisha video? Mbona inazima katikati ya kazi?" Nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka, nikaona heri niliandike mara moja tujifunze wote.

Nikwambie ukweli, somo hili sikulipata darasani. Nililipata kwa hasara, na hasara yenyewe ilimwangukia mkulima. Ndiyo maana naliweka hapa, kwenye ukurasa wa kilimo.

YALIYONIPATA

Msimu mmoja wa vuli viwavijeshi vamizi waliingia mapema kwenye mahindi ya kata yangu, mahindi yakiwa bado na majani manne hadi sita. Mdudu huyu tunamjua. Aliripotiwa Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 akawa ameshafika kwetu Tanzania. Tunajua pia siri yake kubwa: akiwa mdogo anakwangua jani na kuacha vidirisha vyeupe, na hapo dawa inampata. Akishakua anajichimbia kwenye moyo wa mmea, anaziba juu kwa kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao, na hapo unaweza kupulizia mpaka bomba likauke, yeye amelala zake chini.

Kwa hiyo nilitaka wakulima waone kwa macho. Nikarekodi kwa simu video ya dakika 12 shambani: namna ya kukagua shamba kwa kupita kwa umbo la herufi W, mayai yanavyokaa kwa mafungu kwenye jani, alama ya Y iliyopinduka kichwani mwa kiwavi, na madoa manne yaliyokaa kama mraba karibu na mkia. Mkutano ulikuwa Alhamisi. Ofisi ya kijiji ina runinga inayosoma flashi, na wakulima wengi waliomba video hiyo kwenye memori kadi za simu zao ndogo, wakawaonyeshe wa nyumbani.

Shida ikawa kwamba runinga ile haikuisoma video ya simu yangu. Sauti inatoka, picha hakuna. Simu nyingi za sasa zinaweza kurekodi kwa mtindo uitwao H.265, ambao unabana video vizuri, lakini runinga na simu za zamani hazina uwezo wa kuufungua. Ikabidi niibadilishe iwe H.264, na niipunguze ukubwa. Vijana wanaita kukonvati.

Jumatano jioni nikaweka laptopu kitandani, juu ya godoro. Kompyuta ya kawaida tu, RAM 4 GB. Sasa angalia nilivyokuwa nimefungua: kivinjari chenye kurasa zaidi ya ishirini, WhatsApp ya kompyuta, ripoti ya mwezi kwenye Excel, muziki unapiga taratibu, na wakati huohuo nanakili picha za mashamba kwenda kwenye flashi. Antivairasi nayo ilikuwa imeanza ukaguzi wake wa wiki, mimi sina habari. Juu ya yote hayo nikabonyeza kitufe cha kuanza kubadilisha video.

Ilikwenda kwa kusuasua. Kishale cha mausi kinaruka, Excel inaandika kwamba haijibu. Ilipofika kama asilimia themanini, skrini ikaganda, halafu ikazima puu! Nilipogusa chini ya laptopu, joto lake ungeweza kukaangia yai. Nikasubiri, nikawasha. Faili jipya lipo, tena lina uzito wake, lakini halifunguki. Nikaanza upya saa nne usiku, nikaenda kulala. Alfajiri nakuta skrini inaniomba nywila. Kumbe usiku kompyuta ilijiwasha upya yenyewe ili kuweka masasisho ya Windows. Kazi yote imepotea mara ya pili.

Alhamisi nikaenda mikono mitupu.

"Bwana shamba, ile sinema yetu iko wapi?" mwenyekiti wa kikundi akaniuliza.

"Mwenyekiti, kompyuta imenigomea. Naomba mnivumilie."

"Haya. Basi tuelezee kwa mdomo, tutafanyaje."

Nikaeleza kwa mdomo, nikachora ubaoni, lakini wengine walikuja kwa ajili ya video na hawakukaa. Tukaahirisha mpaka Alhamisi iliyofuata. Siku hiyo video ilionekana vizuri kabisa. Ilipofika sehemu ya vidirisha kwenye majani, mama mmoja akainuka.

"Bwana shamba, haya mbona mimi niliyaona wiki ile? Nikasema ni panzi tu."

Baada ya mkutano nikaenda naye shambani. Mimea mingi ilikuwa imeshazibwa moyo. Nilimwambia, "Pole mama," na sikuwa na cha kuongeza. Wiki moja kwa viwavijeshi ni muda mrefu sana.

Kijana mmoja wa steshenari ndiye aliyenifundisha nilipokosea. Mengi ya ninayoandika hapa chini nilianzia kwake, mengine nikajifunza mwenyewe kwa kufanya.

KUBADILISHA VIDEO NI KAZI YA AINA GANI?

Tuanzie hapa, maana wengi tunadhani ni kama kunakili faili. Sivyo.

Video ni picha nyingi zinazopita haraka. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde. Video yangu ya dakika 12 ilikuwa na sekunde 720, zidisha kwa 30, unapata picha 21,600. Na kila picha ya ukubwa wa 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni mbili. Kompyuta inatakiwa kuifungua kila picha, kuipunguza, kuilinganisha na picha za jirani yake ili ione kipi kimebadilika na kipi kimebaki vilevile, halafu kuibana upya.

Kunakili faili ni sawa na kuhamisha gunia kutoka ghala moja kwenda jingine. Kubadilisha video ni kulifungua gunia, kumwaga mahindi yote chini, kuyachambua punje kwa punje, kisha kuyafunga kwenye mifuko midogo. Ndiyo maana ni moja ya kazi nzito kuliko zote unazoweza kuipa laptopu ya kawaida. Kuandika ripoti, kompyuta inafanya huku inasinzia. Kazi ya video inaiamsha mzima mzima.

Kwa hiyo ukiona prosesa iko asilimia 90 au 100 wakati wa kubadilisha video, usishtuke. Programu hizi zimetengenezwa zitumie nguvu yote iliyopo. Tatizo linaanza pale nguvu hiyo inapogombaniwa na wengine.

MAGUGU NDANI YA KOMPYUTA

Kila programu iliyofunguka, hata ile ambayo dirisha lake hulioni, inakula kitu. Wakulima wa mahindi na mtama wanaijua kiduha. Gugu lile linashika mizizi ya mmea wako chini ya ardhi, linanyonya, na unapoliona limechomoza, madhara yameshafanyika. Programu zinazokimbia kwa chinichini ziko hivyohivyo. Zinanyonya vitu vinne.

Cha kwanza ni prosesa. Hii ni jozi yako ya ng'ombe wa kulimia. Ng'ombe ni walewale. Ukiwafunga jembe na mkokoteni kwa pamoja, kila kimoja kitakwenda polepole. Muziki, ukurasa wa intaneti wenye matangazo yanayochezacheza, antivairasi inayokagua, vyote vinaomba zamu kwa prosesa ileile. Hapa hasara kubwa huwa ni kasi. Kazi inachelewa, lakini kwa kawaida inafika.

Watu wengine wanafungua video mbili au tatu zibadilishwe kwa wakati mmoja wakidhani watamaliza mapema. Kwa kompyuta zetu hizi haisaidii, maana video moja tu inatosha kuishughulisha prosesa nzima. Zipange foleni, moja baada ya nyingine.

Cha pili ni RAM. Hii ni turubai la kuanikia. Mahindi unayoyashughulikia sasa hivi lazima yawe juu ya turubai. Turubai likijaa, kompyuta inachukua baadhi ya mizigo na kuipeleka kwa muda kwenye diski, kisha inairudisha ikihitajika. Diski ni ya polepole mno ukilinganisha na RAM, hasa ile diski ya zamani inayozunguka. Hapo ndipo unaona taa ya diski haizimiki, mausi inaruka, madirisha yanaandika kwamba hayajibu. Kompyuta iko kazini, ila inashinda inabeba na kurudisha mizigo, kuchambua hakufanyiki. RAM ikibanwa sana, programu ya video inaweza kukosa nafasi kabisa ikajifunga yenyewe. Yaani kukosa RAM kunagusa kasi, na pia kunagusa uthabiti.

Kivinjari ndicho mlaji mkubwa hapa. Kurasa ishirini zilizofunguliwa si kitu kimoja kwa kompyuta. Vivinjari kama Chrome hugawa kazi ya kurasa hizo katika vipande vingi, kila kimoja na fungu lake la RAM. Kwenye RAM ya 4 GB, ambayo Windows yenyewe imeshachukua sehemu yake kubwa, kinachobaki ni kidogo sana.

Cha tatu ni diski. Hili ni ghala. Wakati wa kubadilisha, kompyuta inasoma faili la zamani na kuandika jipya kwa pamoja. Ukiwa unanakili picha kwenye flashi muda huohuo, au antivairasi inafungua kila faili kukagua, au programu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni inayapakia, mlango wa ghala unakuwa na msongamano. Na ghala likijaa je? Diski ikikosa nafasi katikati ya kazi, kazi inakatika hapohapo.

Cha nne ni joto. Hiki wengi tunakisahau, na ndicho kilichonizimia mimi. Prosesa inayofanya kazi kwa nguvu zote hutoa joto. Ikizidi kiwango, kwanza inajipunguzia mwendo ili ipoe. Unaona kazi ilianza vizuri halafu inazidi kuwa nzito. Ikiendelea kupanda, kompyuta inajizima ghafla ili isiungue. Hiyo ni kinga. Kila programu ya ziada inaongeza kuni kwenye moto huo. Na mimi nilikuwa nimeiweka juu ya godoro, matundu ya hewa chini yamezibwa, ndani feni imejaa vumbi la barabara za vijijini.

KASI NA UTHABITI NI VITU VIWILI

Hapa naomba usome taratibu, maana ndipo penye kiini cha somo.

Kasi ni kazi itachukua muda gani. Uthabiti ni kama kazi itafika mwisho. Ukipoteza kasi, umepoteza muda. Ukipoteza uthabiti, unaweza kupoteza kila kitu, hata ukiwa umefika asilimia 95.

Sababu ni hii. Faili la MP4 lina faharasa, yaani daftari linaloonyesha kila picha iko sehemu gani ndani ya faili. Kwa kawaida daftari hilo linakamilishwa mwishoni kabisa, kazi ikishaisha. Kompyuta ikizima kabla, mahindi yapo ghalani lakini daftari halijaandikwa, na kichezeshi hakijui kianzie wapi. Ndiyo maana faili langu lilikuwa na uzito lakini halikufunguka. Fomati ya MKV inavumilia zaidi kukatika, lakini baadhi ya runinga na simu nyingi ndogo hazina habari nayo.

Kwa hiyo ukiniuliza kipi cha kulinda kwanza, nitakwambia uthabiti. Video iliyochukua saa nzima ikaisha ni bora kuliko ile iliyokimbia nusu saa ikafa.

NAMNA YA KUYAONA MAGUGU

Kwenye Windows bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha la Task Manager. Likionekana dogo, bofya "More details". Utaona safu zilizoandikwa CPU, Memory na Disk. Ukibofya kichwa cha safu, programu zinajipanga, mlaji mkubwa juu.

Kijana wa steshenari alinifanyisha zoezi hili. Aliiweka laptopu mezani, akafungua vilevile vyote nilivyokuwa nimefungua usiku ule, akaanza kubadilisha video ileile kwa HandBrake. Programu hii ni ya bure, na chini yake inaonyesha inafanya picha ngapi kwa sekunde. Ilikuwa inacheza kwenye 6. Gawanya 21,600 kwa 6, unapata sekunde 3,600. Saa nzima.

"Sasa angalia, mzee," akaniambia. Akafunga kivinjari, akafunga WhatsApp, muziki, Excel baada ya kuhifadhi, akasimamisha kunakili picha, akaisubiri antivairasi imalize ukaguzi. Namba ikapanda mpaka 18. Gawanya tena: sekunde 1,200. Dakika 20. Kompyuta ni ileile, video ni ileile. Hatukununua kitu.

Nilikaa kimya nikifikiria wiki nzima iliyopotea.

Sasa tahadhari. Kupalilia si kung'oa kila kitu. Ukipalilia umefumba macho unakata na mahindi. Ndani ya Task Manager kuna majina mengi ya ajabu ambayo ni mifupa ya Windows yenyewe. Ukisimamisha usichokijua, kompyuta inaweza kuzima au kuganda. Funga zile tu unazozitambua, tena kwa njia ya kawaida: hifadhi kazi, kisha funga dirisha. Kitufe cha "End task" kiwe cha mwisho, kwa programu iliyogoma tu.

Antivairasi nayo usiizime ovyo. Sisi tunaishi na flashi zinazopita kwenye kompyuta kumi kwa siku. Kinachotakiwa ni kupanga ukaguzi wake mkubwa ufanyike muda mwingine, siku ambayo huna kazi ya video.

UTARATIBU NINAOUFUATA SASA

1. Ninaiwasha kompyuta upya kabla ya kuanza. Hii peke yake inaondoa mabaki ya programu za siku nzima.

2. Ninaiweka juu ya meza ngumu, nyuma nainyanyua kidogo kwa vipande viwili vya mbao ili hewa ipite. Kitandani, kwenye mto au kwenye kitambaa, hapana. Kila baada ya muda nampa fundi aifungue na kusafisha feni.

3. Ninachomeka chaja. Laptopu nyingi zikiwa kwenye betri hujipunguzia nguvu ili kutunza chaji, na betri ikiisha kazi imekufa. Umeme ukikatika wakati kompyuta iko kwenye chaja, betri inakushikia muda kidogo. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, bila UPS unacheza bahati nasibu.

4. Ninazima intaneti. Hapo WhatsApp, upakiaji wa mafaili mtandaoni na upakuaji wa masasisho vyote vinakaa kimya. Lakini kama sasisho limeshapakuliwa na linasubiri kuwasha upya, naliruhusu limalizike kwanza. Lisipomalizwa mchana litakuvamia usiku, kama lilivyonifanya.

5. Ninaangalia mpangilio wa kulala wa kompyuta, nahakikisha haitalala yenyewe, na kifuniko nakiacha wazi. Kompyuta ikilala, kazi inasimama.

6. Ninanakili video kutoka kwenye flashi au simu kuja kwenye diski ya kompyuta, na faili jipya naliandikia hukohuko kwenye diski. Likikamilika ndipo nalihamishia kwenye flashi. Flashi nyingi ni za polepole, na mtoto akipita akaigusa kidogo tu, umerudi mwanzo.

7. Ninaangalia nafasi ya diski. Mimi sianzi kama nafasi iliyobaki haitoshi kuweka faili la zamani mara mbili.

8. Ninafungua Task Manager na kufunga walaji wakubwa ninaowajua. Kisha naifungua programu ya video, na hiyo tu.

9. Ninajaribu kipande cha dakika moja kwanza. HandBrake inakuruhusu kuchagua sekunde za kuanzia na za kuishia. Nakipeleka kipande hicho kwenye runinga yenyewe au simu yenyewe itakayotumika. Kikifunguka, naendelea na video nzima. Usije ukasubiri saa nzima ndipo ujue fomati uliyochagua siyo.

10. Video ndefu naikata vipande. Dakika 12 nazifanya vipande vitatu vya dakika nne nne. Kimoja kikiharibika, viwili vimebaki. Wakulima nao wanapenda vifupi, kila kimoja na somo lake.

Kuhusu ukubwa: kwa runinga ya kijiji 1280 kwa 720 inatosha sana. Kwa simu ndogo nashuka mpaka 640 kwa 360. Kadiri picha inayotoka inavyokuwa ndogo, ndivyo kazi ya kubana inavyopungua, na faili linaingia kwenye memori kadi bila kusukumana. Chagua H.264 kwa picha na AAC kwa sauti. Zile simu za zamani sana zinazosoma 3GP tu, HandBrake haitengenezi fomati hiyo; utahitaji programu nyingine.

KAMA NI LAZIMA UFANYE KAZI NYINGINE

Najua wengine hamna kompyuta mbili, na ripoti inadaiwa leo. Basi fanya hivi. Kwenye Task Manager fungua sehemu ya "Details", tafuta programu ya video, ibofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Set priority", kisha "Below normal". Maana yake unaiambia kompyuta: kazi yangu ya mkono ipewe zamu kwanza, video ichukue nguvu inayobaki. Utaandika ripoti bila kustaki, na video itaendelea taratibu nyuma. Lakini fungua ripoti tu. Kivinjari kiache kimefungwa. Kupunguza kipaumbele kunagawa zamu za prosesa, hakuongezi RAM hata chembe.

Usijaribu kufanya kinyume, kuweka "Realtime" ili video ikimbie. Ukifanya hivyo, hata mausi na kibodi vinaweza kukosa zamu, kompyuta ikaonekana imekufa mikononi mwako.

Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni zina sehemu maalumu ya kubana video. Kwenye HandBrake utaona chaguo kama H.264 yenye neno QSV kwa zile za Intel. Ukiliona, lijaribu. Linapunguzia prosesa mzigo mkubwa, joto linashuka, kazi inakimbia. Ubora wa picha unaweza kushuka kidogo kwa faili la uzito uleule, lakini kwa somo la shambani kiwavi ataonekana tu.

DALILI NA MAANA YAKE

Kama ilivyo kwa mmea, soma dalili kabla ya kutia dawa.

Kazi ni ya polepole tangu mwanzo, prosesa imejaa, lakini mausi inatembea vizuri: huo ni uzito wa kawaida wa kazi. Punguza ukubwa wa picha au vumilia.

Mausi inaruka, diski iko asilimia 100, RAM imejaa: turubai ni dogo. Funga programu, hasa kivinjari. Kama ni hali ya kila siku, kuongeza RAM kutakusaidia kuliko kubadilisha programu ya video.

Inaanza kwa kasi, baada ya dakika kumi inakuwa nzito, feni inavuma kama mashine ya kusaga: joto. Simamisha kwa muda, inyanyue, safisha matundu.

Inazima puu bila onyo: kama umeme na betri ni vizima, shuku joto kwanza.

Programu ya video inajifunga peke yake, kompyuta ikabaki hai: angalia RAM, angalia nafasi ya diski. Vyote vikiwa sawa, na inakatikia palepale kila mara, huenda faili la asili limeharibika pale; jaribu kubadilisha kipande kingine.

Umekuta imejiwasha upya asubuhi: masasisho, au umeme.

NENO LA MWISHO

Sisi tunawaambia wakulima kila msimu kwamba palizi ya mahindi ni ya wiki za mwanzo. Ukiyaacha magugu yakanyonya mapema, hata ukija kupalilia vizuri baadaye, mavuno yaliyopotea hayarudi. Kompyuta ni hivyohivyo. Kufunga programu kazi ikiwa imefika asilimia 80 na laptopu inawaka moto ni palizi ya kuchelewa. Dakika tano za maandalizi kabla ya kubonyeza kitufe ndizo zinazookoa usiku mzima.

Yule mama msimu uliofuata alikuja mapema na simu yake ndogo mkononi. "Bwana shamba, nitilie ile ya vidirisha," akaniambia. Ilikuwa tayari, vipande vitatu, vyote vinafunguka. Nikamwekea, akasimama palepale uani akaangalia kipande cha kwanza mpaka mwisho, halafu akaenda zake shambani kukagua.

Ndugu yangu, kama una video ya kuwaonyesha wakulima wiki hii, ianze leo, usisubiri usiku wa kuamkia mkutano kama mimi. Tukutane tena katika somo lijalo. Nawatakia kilimo chema.